Muhuri Juu ya Bahasha ya Mutomo

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi, na mkuu wa wafanyakazi akasema mbele ya watu wote niwaandikie ukurasa mmoja, jinsi ya kupokea barua na kutuma barua bila kuchelewesha kazi, ili wanaobaki wajifunze. Nimejaribu ukurasa mmoja, haukutosha. Elimu yangu ni ya kidato cha pili, na hata hicho cha pili sikukimaliza, kwa hivyo mkikuta mahali sentensi imepotea njia, iacheni ipite. Mengine nimeyatoa kwa madaftari yangu, maana kila siku baada ya kazi nilikuwa naandika mistari mitatu au minne ya mambo ya siku hiyo. Mengine ni ya kukumbuka tu, na hayo msiyaamini sana. Hata mimi siyaamini sana.

Wakati naajiriwa, kampuni ilikuwa inanunua ndengu na mbaazi. Makao makuu yalikuwa hapa Kitui mjini, na depo zilikuwa tatu, Mutomo, Mbumbuni na Mukuyuni. Masjala, yaani ofisi ya barua na mafaili, ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, kando ya choo cha wanaume, na mtu aliyekuwa ndani yake ni Mzee Swaleh. Alikuwa mtu wa Kitui mjini hapa, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walitoka pwani na biashara zao wakakaa. Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kufungua mdomo.

Siku yangu ya kwanza nilikata barua vipande viwili. Nilishika bahasha, nikaingiza kisu, nikavuta kama mtu anayechinja kuku, na barua ya karani wa Mbumbuni ikatoka nusu nusu. Mzee Swaleh hakugomba. Alinionyesha kwanza namna ya kuigonga bahasha kwa meza ili karatasi ishuke upande mmoja, halafu kuiinua kwa mwanga wa dirisha uone karatasi imekaa wapi, ndiyo ukate. Kisha akanisukumia chupa ya gundi.

"Bandika," akasema. "Halafu uipeleke wewe mwenyewe kwa mwenye barua, umwambie ni wewe uliyekata."

Nilimwuliza kama lazima niseme, kwa sababu ikibandikwa vizuri haitaonekana. Aliniangalia juu ya miwani, akarudi kwa rejista yake. Nikaenda nikasema. Mhasibu alinicheka wiki mbili, akawa ananiita kinyozi. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa masjala, na mtaona baadaye kama nililishika.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini wacha niiandike vile tulivyoifanya, kwa sababu naona sasa mnaifanya kwa haraka na bado mnachelewa. Kabla ya chai, unageuza tarehe ya muhuri. Ule wetu ulikuwa na magurudumu madogo ya mpira, na gurudumu la mwezi lilikuwa linashika wakati wa joto, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nilikuwa naligeuza kwa kalamu. Saa mbili na nusu barua za sanduku la posta ziko mezani. Unazipanga mafungu kwa idara kabla ya kufungua hata moja. Unafungua zote, unagonga muhuri kwa barua, unabana bahasha nyuma ya barua kwa pini, kwa sababu muhuri wa posta uko kwa bahasha na siku moja mtu atauliza. Unaandika kwa rejista ya kuingia: tarehe, nani ameandika, kuhusu nini, imeenda kwa nani. Kabla ya saa nne kila barua iko kwa mwenyewe, na ametia sahihi kwa kitabu cha kupelekea.

Za kutoka zilifungwa saa tisa, maana mifuko ya depo ilibebwa na lori letu Jumanne na Ijumaa, na lori halikungojea mtu. Saa tisa na dakika kumi kila wakati kulikuwa na mkubwa mmoja mlangoni na bahasha, anasema ni hii moja tu. Katika miaka yangu yote sijaona barua ya haraka iliyoandikwa asubuhi.

Mambo mawili zaidi ndiyo mnielewe. La kwanza ni bahasha kuukuu. Kampuni ilikuwa haitaki kununua bahasha mpya za kwenda depo, kwa hivyo tulikuwa na karatasi ndogo nyeupe za kubandika juu ya anwani ya zamani, tulizoita ekonomi. Bahasha ikija na kufunguliwa vizuri, ikiwa haijabanwa kwa barua, inarudi masjala, unapaka gundi, unabandika ekonomi, unaandika anwani mpya, inasafiri tena. Kuna bahasha nilizozijua kama jamaa zangu. Zilikuwa zinaenda Mbumbuni zinarudi, mpaka ekonomi zimekuwa nne, moja juu ya nyingine.

La pili ni barua za siri. Bahasha ikiandikwa SIRI, karani haifungui. Anagonga muhuri juu ya bahasha, kwa rejista anaandika "bahasha moja, siri" na mahali ilikotoka, bila jina la mtu, kisha anaipeleka kwa meneja ikiwa imefungwa. Shida mnaiona. Meneja akishaifungua na kuitupa bahasha, barua iliyobaki haina tarehe ya kuingia. Imeingia siku yoyote ambayo meneja atasema.

Mzee Swaleh alikuwa na dawa yake. Alikuwa anaingia kwa meneja na muhuri na kisahani cha wino mkononi, anaweka bahasha mezani, halafu anasimama. Anasimama tu, mikono nyuma, mpaka meneja afungue. Meneja akitoa barua, yeye anaipokea ikiwa imelala kifudifudi, hasomi, anagonga muhuri mgongoni, anaondoka. Mameneja watatu walimzoea hivyo. Mmoja alimwita mlinzi wa benki.

Mzee Swaleh alipostaafu aliniachia kisu, muhuri na hilo la kusimama. Nilisimama miezi kama saba. Halafu akaja meneja mpya, na siku ya tatu au ya nne aliniangalia nimesimama na muhuri wangu akauliza, "Kwani wewe unanichunga?" Nilisema hapana, bwana, ni utaratibu. Akasema utaratibu wake ni mtu kuweka barua na kufunga mlango akitoka. Nikaweka. Nikafunga mlango. Nimejiuliza mara nyingi kama alinikataza kweli au alikuwa anatania tu, kwa sababu alicheka kidogo. Labda ningesimama siku iliyofuata angenyamaza. Sikusimama kujua.

Sasa nifike kwa Kalondu.

Kalondu, ambaye tulimwita Mama Mwende, alikuwa mtunza stoo wa depo ya Mutomo. Alikuwa analea watoto wanne peke yake na alikaa kwa nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa depo, nyumba ya kampuni. Mabati ya stoo yalikuwa yametoboka. Aliandika kuomba mabati mara tatu, na barua zote tatu nilizipokea mimi, nikazigonga, nikazibana pini, zikaenda kwa meneja huyo mpya, zikarudi kwa faili bila neno. Mvua ya mwaka huo ikanyesha vile ambavyo Mutomo hainyeshi, na gunia za ndengu zikaota mizizi zikiwa zimepangwa. Tarehe mosi alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe, na nyumba aitoe. Barua ilisema ana siku kumi na nne za kukata rufaa, kwa maandishi, kwa meneja, ndani ya bahasha ya siri. Kwa hivyo mwisho ulikuwa tarehe kumi na tano.

Nataka kuwa wa haki. Funguo za stoo zilikuwa zake, na angeweza kuhamisha gunia zile za chini ya tundu. Anasema hakuwa na mahali pa kuzihamishia, na sijui. Pia alikaa siku nyingi kabla ya kuandika, wakati angeweza kupanda gari akaileta kwa mkono.

Ijumaa tarehe kumi na mbili mfuko wa Mutomo ulikuja na bahasha moja ya siri. Jumanne tarehe kumi na sita ukaja na nyingine. Nilizigonga zote mbili juu ya bahasha, nikaziandika bila jina kama sheria ilivyotaka, nikaziweka mezani kwa meneja, nikafunga mlango nikitoka. Tulijua baadaye kwamba moja ilikuwa rufaa ya Kalondu na nyingine ilikuwa ripoti ya daktari kuhusu mguu wa dereva wetu aliyeumia huko Mutomo. Meneja alisema ya Ijumaa ilikuwa ya dereva, na rufaa ilikuja Jumanne, imechelewa siku moja.

Kalondu alikuja Kitui. Alikaa kwa benchi mbele ya meza yangu, viatu vyake vina vumbi jekundu mpaka kwa vifundo.

"Baba Ndanu, uliona barua yangu?"

Nilimwambia niliona bahasha mbili za kutoka kwao, na kwa rejista hakuna jina.

"Sijauliza rejista," akasema. "Nimeuliza macho yako."

Nilimwambia angoje, wanakamati wa kusikiliza rufaa watakuja, mambo yataonekana. Akasema yeye ana watoto nje ya nyumba ambayo kufuli yake imeshabadilishwa, kwa hivyo nimwambie anangoja akiwa wapi. Nilimwagizia chai, ambayo ndiyo tunafanya ofisini tukikosa la kufanya.

Wanakamati walikuwa watatu kutoka bodi. Hawakuwa watu wabaya, na waliniambia niketi. Rufaa ilikuwa mbele yao, karatasi moja ya daftari iliyoandikwa pande mbili, na haikuwa na muhuri popote. Bahasha haikuwepo. Meneja alisema bahasha hutupwa ama hurudi masjala, na ni kweli. Mwenyekiti aliniuliza, "Karani, una hakika kwamba bahasha ya tarehe kumi na mbili ilikuwa ya huyu mama?"

Wacha niwaambie nilichokuwa nacho. Kwa daftari langu nyumbani, mstari wa Ijumaa hiyo nilikuwa nimeandika: "Mfuko wa Mutomo. Siri 1. Mwandiko kama wa Kalondu?" Na alama ya kuuliza mwisho. Niliiweka alama hiyo kwa sababu anwani ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, na herufi kubwa za watu hufanana. Usiku wa kuamkia kamati nilisoma mstari huo mara nyingi, na nikaona mtu wa haki hawezi kuapa juu ya alama ya kuuliza.

Nikasema, "Sina hakika, mwenyekiti."

Akanishukuru kwa ukweli wangu. Waliandika kwamba rufaa ilikuja baada ya muda, na kwa sababu hiyo hawakuingia kwa habari za mabati hata kidogo. Zile barua tatu za mabati nilizozigonga vizuri, zenye bahasha nyuma na pini, hazikutolewa kwa faili. Kalondu alipita mbele ya meza yangu akienda nje. Hakunisalimia.

Nilijua ile bahasha inaweza kuwa wapi. Kama ilirudi masjala, basi mimi mwenyewe niliibandika ekonomi nikaituma depo fulani. Nilifikiria kuandikia depo tatu warudishe bahasha kuukuu zote. Lakini memo ya kwenda depo ilikuwa inatiwa sahihi na meneja, na sikuona namna ya kumpelekea memo hiyo. Mnaweza kusema ningewapigia simu. Ningeweza. Simu ilikuwa hatua sita kutoka kwa kiti changu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na mengi yalibadilika ambayo hamhitaji kuambiwa na mimi. Kompyuta ikaja, barua pepe zikaja, na watu wakaacha kuandika "kuhusu" juu ya barua, kwa hivyo mtu anatuma ujumbe bila kichwa halafu anauliza mbona hujajibu. Muhuri wangu ukawekwa kwa droo. Yule meneja alistaafu na sherehe kubwa, mbuzi wanne, na mimi nilitia sahihi kwa kadi yake. Nikamwandikia "pumzika salama", halafu nikakumbuka hayo huandikiwa marehemu, nikaongeza neno "nyumbani".

Mwezi wangu wa mwisho, mlikuwa mnaskani mafaili na depo ya Mukuyuni ilikuwa imefungwa. Karatasi zake zililetwa kwa magunia, mkaniambia nichague ya kuskani na ya kuchoma, kazi ya mtu anayeondoka. Kwa gunia la pili kulikuwa na bahasha yenye ekonomi moja, anwani ya mtunza stoo wa Mukuyuni kwa mwandiko wangu, na ndani fomu za kupitisha mizigo langoni ambazo hazikutumika. Joto lilikuwa limekausha gundi na upande mmoja wa ekonomi ulikuwa umeinuka. Niliushika nikauvuta.

Chini yake kulikuwa na jina la cheo cha meneja kwa herufi kubwa, na neno SIRI limepigiwa mistari miwili. Kwenye kona, muhuri wangu. Tarehe kumi na mbili. Nilikwenda kwa kabati la mafaili nikatoa zile barua tatu za mabati, ambazo vichwa vyake aliviandika kwa herufi kubwa. M zake zina miguu mirefu, wa kulia umeinama nje. Niliweka bahasha kando ya barua hizo. Hata mtoto wa darasa la kwanza angesema ni mtu mmoja.

Nilimpelekea meneja wa sasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni nadra, akasema kwa upole kwamba mambo hayo yalifungwa zamani, waliohusika wameondoka, na kampuni haiwezi kufungua rufaa kwa bahasha. Ningekuwa kwa kiti chake labda ningesema hivyo hivyo. Kuhusu yule meneja wa zamani pia sitaki kusema nisichokijua. Mama yake alikuwa amelazwa wakati ule na alikuwa anaondoka kila Ijumaa mapema na kurudi Jumanne. Inawezekana alizikuta bahasha zote mbili mezani Jumanne akazifungua pamoja. Inawezekana kabisa. Inawezekana pia kwamba alijua. Muhuri hausemi hayo.

Wiki iliyofuata kuagwa kwangu nilienda Mutomo na bahasha hiyo ndani ya faili jipya. Kalondu anakaa kwa shamba la kaka yake, mbali kidogo na soko. Nilimkuta anapepeta ndengu, mbuzi wamefungwa kando wasimkaribie. Amezeeka, na mimi nimezeeka. Alinipa kiti na maji kabla ya kuniuliza chochote. Nilimpa bahasha, na nikasema kama Mzee Swaleh alivyonifundisha, kwamba ni mimi niliyeibandika.

Aliigeuza. Alipitisha ukucha juu ya alama ya gundi.

"Hii gundi ni yako?"

"Ni yangu, Mama Mwende."

"Na hii tarehe ni yako."

"Ni yangu."

Alirudia kupepeta, bahasha ikiwa mapajani. Kisha akaniuliza siku ile kamati waliniuliza nini. Nikamwambia waliniuliza kama nina hakika.

"Na hukuwa nayo."

"Sikuwa nayo."

"Lakini wewe ulikuwa unafikiri ni ya nani?"

Hilo, katika miaka yote, hakuna aliyewahi kuniuliza. Wala mimi sikulisema bila kuulizwa. Nikamwambia, "Nilikuwa nafikiri ni yako."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoitoa kwa mfuko."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei sokoni na hataki kununua. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Sasa Baba Ndanu, wewe ulibaki mtu wa haki. Mimi nilitolewa kwa nyumba na watoto wanne." Akanirudishia bahasha. "Chukua. Mimi sina faili ya kuiweka."

Nilimwomba aiweke tu, ni yake. Akasema ilikuwa yake hiyo Ijumaa. Kisha akaita mjukuu alete ndengu kidogo kwa mfuko nibebe nyumbani, kwa sababu huko kwao mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni kama mimi. Nilizibeba. Mke wangu alizipika, na mimi nilisema sina njaa.

Kwa hivyo ukurasa wenu mlioomba ni huu. Geuza tarehe kabla ya chai. Inua bahasha kwa mwanga kabla ya kukata. Bana bahasha nyuma ya barua. Ikiwa ni ya siri, ingia na muhuri wako na usimame, na ukiulizwa kama unamchunga mtu, endelea kusimama. Siku hizi siri zinakuja kwa kompyuta na sijui mtasimama wapi, lakini nadhani pako mahali.

Saa yenu ya ukutani inakwenda vizuri. Jana niliketi chini yake nikafungua daftari, nikaandika: "Imeingia kutoka Mutomo. Bahasha 1. Siri. Mwandiko wa Kalondu." Safari hii sikuweka alama ya kuuliza. Kwenye safu ya mwisho, ile ya kuandika barua imepelekwa kwa nani, nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa, na bado haijajazwa.